Maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu picha za vichanga na shughuli za nyumbani, hapa Tanga

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Siku za kazi nashona madera, sare za shule na nguo za sherehe. Jumamosi na Jumapili nashika kamera. Nimepiga vichanga vya siku sita na mabibi waliozungukwa na vitukuu. Nimepiga arobaini, akika, ubatizo, na nikaha za sebuleni. Maswali hunijia kwenye simu usiku, mama akiwa ananyonyesha na usingizi umempaa, nami asubuhi nakuta ujumbe kumi unaouliza jambo moja. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, ili usisubiri hadi niamke.

Dada, wewe ni mpiga picha wa kazi au wa kujifurahisha?

Wa ridhaa. Sina studio, sina bango, sina msaidizi. Nina kamera moja ya mtumba na lenzi mbili, ya milimita 35 na ya milimita 50. Hiyo ya 50 ndiyo hufanya karibu kila kitu, kwa sababu inafunguka hadi f/1.8 na inaona vizuri kwenye vyumba vyetu vya dirisha moja. Ukitaka video ya saa nzima, droni juu ya ukumbi au albamu zenye jalada la ngozi, tafuta mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Tanga wapo, tena wazuri, na nitakuelekeza kwao bila kinyongo.

Unachukua bei gani?

Kupiga sichukui kitu. Nyumba ikiwa karibu nakuja na baiskeli yangu. Ikiwa mbali unanilipia bodaboda. Gharama za kusafisha picha unalipa wewe studio, na risiti unaiona kwa macho yako. Kwa shughuli ya kutwa nzima, inayonilazimu kufunga cherehani, tutazungumza mapema.

Nina masharti mawili ambayo siyalegezi hata ukiongeza hela. Picha zisizopungua tatu zitoke kwenye karatasi, na katika hizo tatu, moja mama awemo.

Mbona unang'ang'ania mama awemo? Nimejifungua juzi, uso umevimba, sijasuka, nataka mtoto tu.

Hakuna swali ninaloulizwa kama hili, na jibu lake ni refu kidogo, nivumilie.

Aliwahi kuja dada mmoja kushona nguo ya kuvaa kwenye arobaini ya msiba wa mama yake. Alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha moja ya zamani, kingo zimeliwa na unyevu. Katika picha hiyo yeye ana miezi michache, kakalishwa juu ya busati, nyuma yake imetundikwa kanga kama pazia. Ukiitazama kwa haraka unaona mtoto na kanga. Nilipoisogeza dirishani nikaona, ubavuni mwa mtoto, vidole vinne vimetokeza chini ya pindo la kanga, kucha zina hina iliyobaki nusu. Ni mama yake, kajificha nyuma ya kanga akimshikilia asianguke. Katika picha zote za utoto wake, mama yake alikuwa vile vidole vinne tu. Akaniuliza kama naweza kuvikuza.

Nilivikuza. Vilitoka na chengachenga, lakini hina ilionekana, na mkunjo wa kidole cha shahada ulionekana. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akakaa nayo kwenye benchi la wateja mpaka adhuhuri.

Sasa fungua simu yako uhesabu. Picha za mtoto mia mbili, mia tatu. Zako ukiwa umembeba ni ngapi? Zipo chache, kwa sababu wewe ndiye unayeshika simu. Baba yumo, shangazi yumo, jirani aliyepita kuomba chumvi naye yumo. Aliyezaa hayumo.

Kuhusu kutopendeza nakuelewa, na ninajua la kufanya. Utakaa ubavuni mwa dirisha, kanga yako mabegani, mtoto kifuani. Nitapiga kutokea begani, wewe ukimtazama mtoto, si ukinitazama mimi. Uso ulioinama kumtazama mtoto hauonekani kuvimba, na nywele zimefunikwa na kanga. Ukikataa uso kabisa, nitapiga mikono yako. Ila hutajificha nyuma ya kanga.

Mtoto apigwe akiwa na umri gani?

Kati ya siku ya 5 na ya 14 mtoto bado analala sana na hujikunja kama alivyokuwa tumboni. Wapiga picha wengi duniani huzipenda siku hizo. Mimi huzipenda pia, ila siku hizo mama bado ana maumivu, kitovu huenda hakijakatika, na wageni ni wengi. Ukiniita nitakuja kwa saa moja tu, na mtoto hatavuliwa kama hakuna haja.

Miezi mitatu hadi minne shingo imeanza kukaza na mtoto anatabasamu kwa kukujibu. Kwangu umri mtamu kuliko wote ni pale mtoto anapoweza kukaa mwenyewe lakini hajajua kutambaa, yaani karibu miezi 6 au 7. Unamkalisha mkekani, anakaa pale pale, anachekea kijiko. Akishaanza kutambaa, mpiga picha naye anatambaa.

Wazee wanasema mtoto asipigwe picha kabla ya arobaini. Utatusaidiaje kuwashawishi?

Siwashawishi. Bibi akisema bado, basi bado. Nimeshawahi kufika nyumbani kwa watu na kamera, bibi akakunja uso, nikaiweka kamera begani, nikanywa uji wa pilipili manga pamoja na mzazi, nikarudi zangu. Siku ya arobaini yule bibi ndiye aliyeagiza niitwe.

Wanja kwenye paji la uso na uzi mweusi mkononi sivifuti kwenye kompyuta. Wapo akina mama vijana wanaoniomba nivifute ili picha ifanane na za ng'ambo. Nawaambia wavitoe wenyewe kabla sijapiga kama wanataka, na hapo mara nyingi wanasita. Mtoto alipakwa wanja na mtu anayemwogopea kijicho, na huyo mtu naye ni sehemu ya kumbukumbu.

Kama familia inakubali kiasi, ipo njia ya kati: nyayo, ngumi iliyoshika kidole cha mama, utosi unaotokeza kwenye kanga. Uso unasubiri.

Flashi ya kamera itamharibu macho?

Hakuna ushahidi mzuri kwamba mwanga wa flashi ya kawaida unaharibu macho ya mtoto. Hata hivyo kwa vichanga siitumii: inamshtua, anarusha mikono, analia, na picha inatoka bapa kama ya kitambulisho. Dirisha linatosha.

Nimeona picha mtoto kaegemeza kidevu juu ya viganja vyake, au kaning'inizwa kwenye kitambaa. Unaweza?

Hapana, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu wapo wanaojaribu nyumbani. Ile ya kidevu juu ya viganja ni picha mbili zilizounganishwa. Katika moja mtu mzima anashika kichwa cha mtoto kwa juu, katika nyingine anashika mikono kwa chini, halafu vidole vya mtu mzima vinafutwa kwenye kompyuta. Kichanga hana nguvu ya shingo ya kubeba kichwa chake. Ile ya kuning'inia vivyo hivyo, mtoto yuko juu ya mto na kamba imeongezwa baadaye. Watu huona matokeo, hawaoni mikono iliyofutwa.

Mimi nikifikiria zile kucha zenye hina, sina hamu ya kufuta mikono ya mtu.

Ninachofanya: mtoto chali au kifuani mwa mtu, juu ya kanga kukuu iliyofuliwa mara nyingi ikalainika. Kapu la ukili nakubali, likiwa sakafuni, limetandikwa, na mkono wa mtu uko karibu kuliko kamera yangu. Sitaki mtungi, ndoo, wala maua yenye waya. Nanawa mikono nikifika, na nikiwa na mafua siji. Na tafadhali msimvalishe sweta la sufi la picha mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na feni haitoshi. Mtoto akipata joto anakuwa mwekundu, anatokwa vipele, na hamtapata picha wala usingizi.

Nyumba yetu ndogo, tena ina giza. Si bora tutoke nje?

Nyumba ndogo yenye dirisha moja ni studio. Ningependa watu wa Tanga wote walijue hili.

Sogeza kitanda au mkeka kama hatua moja kutoka dirishani, mtoto awe ubavu kwa mwanga, kichwa kielekee upande wa dirisha, ili mwanga umteremke kuanzia paji hadi kidevuni. Mwanga usipande kutoka miguuni, utampa sura ya kutisha. Zima taa ya ndani, maana taa ya njano na mwanga wa dirisha vikichanganyika ngozi hutoka rangi mbili. Upande wa giza weka shuka jeupe juu ya kiti, litarudisha mwanga shavuni. Kama jua linapiga moja kwa moja dirishani, tundika neti ya mbu mbele yake. Neti nyeupe iliyokunjwa mara mbili inalainisha mwanga vizuri mno, na kila nyumba yenye kichanga inayo.

Angalia rangi ya kuta. Nyumba nyingi za Ngamiani zimepakwa kijani au buluu, na ukuta wa kijani humrudishia mtoto kijani chini ya kidevu. Ukuta mweupe wa chokaa, hata uliobanduka, ni zawadi. Mlango wa uani ukiachwa wazi ni dirisha kubwa kuliko yote. Mara nyingi nawaweka mama na mtoto ndani kidogo ya kizingiti, jua limeishia nje ya kizingiti, na ua mzima unawamulika.

Saa nzuri ni saa 2 hadi saa 4 asubuhi, au kuanzia saa 10 na nusu jioni. Tanga ipo kama digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini hasa. Jua la namna hiyo linachimba mashimo meusi machoni. Hata mtoto mzuri vipi, saa 6 mchana barazani atatoka kama amekesha.

Masika msighairi. Wingu zima ni neti moja kubwa iliyotandwa angani.

Tunataka picha za jua likizama baharini. Raskazone au wapi?

Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza upande wa bahari kuu na kuzamia bara, upande wa Usambara. Ukitaka jua na bahari kuu kwa pamoja, amka: linatoka kama saa 12 na robo asubuhi, linatangulia au kuchelewa kidogo kwa majira. Jioni bahari unaipata yenye mwanga laini, jua likiwa mgongoni kwangu au ubavuni kwenu, na hizo nazipenda zaidi kwa familia yenye wazee, kwa sababu hakuna anayefinya macho.

Angalieni maji. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapobadilika kidogo tu, si picha moja. Maji yakipwa sana mnapata matope na mawe, yakijaa mnakosa pa kusimama. Uliza wavuvi, watakuambia kwa siku za mwezi bila kutazama simu. Bustani ya Jamhuri ina miti na kivuli, ila iko karibu na bandari, kwa hiyo kamera naielekeza kwenye familia na si kwenye mitambo. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, ni pazuri kwa watoto wakubwa. Kichanga simwingizi, mna giza na popo. Tongoni kwenye magofu nakwenda, ila makaburi yale ni makaburi ya watu, hakuna anayekaa juu yake.

Tuvae nini?

Hapa nitajibu kama fundi. Rangi tulivu zilizopishana kidogo, si sare ya kitambaa kimoja kwa watu kumi na wawili. Mkivaa kitambaa kimoja wote, kwenye picha mnakuwa ukuta, na mtoto anapotea ndani ya maua. Epuka mistari myembamba myembamba, kwenye kamera inacheza. Nguo za mtoto zisiwe mpya siku hiyo. Kola mpya inasugua shingo, na mtoto anayekwaruzwa hatabasamu.

Kanga ndiyo nguo ninayoiomba kila nyumba. Leta ya bibi kama ipo. Lakini soma jina lake kwanza. Tulishapiga familia nzuri barazani, bibi kajitanda kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na nyuma ya bega lake, mlangoni kwake, kasimama jirani ambaye hawasemezani. Picha ilipotundikwa ukutani kila mgeni alisoma maandishi, kisha akamtazama jirani. Ikabidi turudie. Kama hujui nani ataiona picha, jina likunjwe ndani, ubakishe mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo.

Utamng'arisha mtoto kidogo? Ametoka mweusi.

Simng'arishi. Namwambia kila mama hivi, na nasema kwa mapenzi: mtoto hakutoka mweusi, mtoto ni mweusi, na kazi yangu ni kumpiga vizuri alivyo.

Lawama nyingine ni ya vifaa. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi ngozi nyeusi zilitoka kama kivuli chenye meno. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado ukiwaweka mama mweusi na shuka jeupe pamoja, kamera inalihurumia shuka. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye shavu la mtu na kumweka karibu na dirisha. Nikifanya hivyo, weusi unatoka na rangi zake zote, kahawia, wekundu, na mng'ao wa mafuta ya nazi kwenye paji la uso. Programu za simu zinazochubua zinafuta hayo yote, mtoto anatoka kijivu.

Kwenye rangi kuna jambo lilinifunza sana. Nilimpiga kichanga wa siku nne, na kila picha ilitoka na unjano. Nikabadilisha mpangilio wa rangi mara tatu, nikamlaumu mwanga, nikalaumu pazia. Mwisho nikaweka karatasi nyeupe kando ya shavu lake: karatasi ilitoka nyeupe, mtoto wa njano. Nikamwomba mama amfungue macho taratibu, na weupe wa jicho ulikuwa kama bizari. Tulifunga kila kitu, wakaenda hospitali jioni ile ile, mtoto akawekwa kwenye taa za matibabu na akapona. Manjano kwa vichanga hutokea mara nyingi, na kwenye ngozi nyeusi huonekana mapema zaidi machoni na kwenye fizi. Mimi si mhudumu wa afya. Lakini nikiona hivyo, nitakuambia twende kituo cha afya kwanza, picha baadaye.

Shughuli za wanawake peke yao, singo (kumsugua bibi harusi manukato) na hina, unaingia?

Naingia, mimi ni mwanamke na hizo ndizo shughuli ninazoitwa zaidi. Masharti yake nayajua. Kabla sijatoa kamera mwenye shughuli anasimama anatangaza, asiyetaka anasogea upande mmoja, na upande ule siugeuzii kamera. Wakati wa singo nafunga kamera kabisa mpaka bibi harusi avishwe. Nikimaliza, picha zote anapewa mwenye shughuli mkononi, kwenye flashi yake, na kwangu nazifuta baada ya yeye kuhakikisha zinafunguka. Studio za kusafisha nyingi zina wanaume kaunta, kwa hiyo nakwenda na mtu ambaye mwenye shughuli anamwamini, zinatoka mbele yetu, zinaingia kwenye bahasha.

Na akika, maulidi, ubatizo?

Kwenye akika nakuja mapema nikiwa nimejisitiri, nauliza wapi nisimame. Watu wakisimama kwa kiamu, mtoto anapitishwa mikono kwa mikono, marashi yananyunyizwa, moshi wa udi unakata mwanga wa dirisha vipande. Ni dakika chache na hazirudiwi. Nazipiga bila kusogea, kwa sababu mpiga picha anayezunguka katikati ya kasida anawaharibia watu ibada. Chetezo kisikae karibu na pua ya mtoto, hilo nasema hata kama sijaulizwa. Mtoto akishanyolewa napiga kichwa kutoka juu, bibi kakiwekea kiganja.

Ubatizo namwona padri au mchungaji kabla ya ibada. Sipigi flashi wakati wa maji. Nakaa upande wa mshumaa.

Uliwahi kupoteza picha za mtu?

Ndiyo. Nilinunua memori kadi mpya, imeandikwa GB 64, kwa bei iliyonifurahisha. Ilikuwa bandia. Ndani ina nafasi ndogo sana, ila imechezewa ili kamera iamini ni kubwa. Ikishajaa inaandika juu ya picha za mwanzo bila kukuambia. Akika nzima ya asubuhi ilipotea, zikabaki za watu wakila pilau. Nilikwenda kwa ile familia mwenyewe, sikutuma ujumbe. Yule mama hakunigombeza, alisema tu, "Basi mwanangu, Mungu kapanga," na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Tangu siku hiyo kila kadi mpya naijaza mpaka mwisho na kuzifungua picha zote kabla ya kwenda nayo kwa mtu. Shughuli moja kadi mbili, nabadilisha katikati. Usiku ule ule picha zinakaa sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje, na nakala kwa mwenye shughuli.

Unaziweka picha zetu mtandaoni?

Siziweki bila idhini yako ya maandishi, na ukiniambia niitoe, naitoa siku hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto wako ni taarifa yake. Kwangu mimi hata sheria isingekuwepo, mtoto asiyeweza kusema hawezi kukubali.

Nawe mzazi tazama unachotuma. Kadi ya kliniki ina jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na kituo. Nembo kwenye sare inataja shule. Mtoto akiwa anaogeshwa, picha hiyo ni ya sanduku la nyumbani tu.

Mbona picha ulizonitumia WhatsApp zimefifia?

WhatsApp ikituma kama picha inaibana. Nitumie ujumbe unikumbushe nikutumie kama faili, au njoo na flashi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji angalau nukta 1200 kwa 1800 ili itoke safi. Ile iliyosambazwa kwenye kundi la familia mara tano ukiipeleka studio inatoka na ukungu.

Ukisafisha, andika nyuma kwa kalamu ya risasi majina na tarehe. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni, wala ukuta wa nje wenye unyevu wa masika. Acha nafasi kidogo kati ya picha na kioo cha fremu, kwa joto na unyevunyevu wa hapa vinagandana.

Tumempoteza mtoto. Unaweza kuja?

Naweza, mkiniita. Nitakuja bila kuuliza maswali, sitachukua nauli, na sitabaki na nakala. Nitapiga kile tu mtakachotaka, nyayo, mkono ndani ya mkono wenu. Msipotaka kuitazama sasa, nitaifunga kwenye bahasha na kumpa mnayemwamini awatunzie.

Mimi nina simu tu, nianzie wapi?

Futa kioo cha kamera kwa kanga, mafuta ya nazi ya mtoto yamejaa pale. Shuka chini hadi usawa wa macho ya mtoto. Gusa shavu lake kwenye skrini, kisha vuta mwanga ushuke kidogo. Usikuze kwa vidole, sogea. Na mpe mtu simu akupige wewe nawe.

Ukifikia kununua kamera, jua kwamba hewa ya chumvi na unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi. Yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Siku ya picha tuandae nini?

Mtoto anyonye ashibe, abeuliwe, kisha ndipo unipigie nije ndani. Mama naye ale. Pazia lifunguliwe, taa izimwe, feni isimpige mtoto usoni. Wekeni kanga mbili laini, shuka moja jeupe, na pampasi za akiba. Akilia tunasubiri, sina haraka, siku hiyo sishoni.

Na bibi aliyeko jikoni, anayesema yeye hahusiki na picha, mumwambie anawe mikono aje. Nitamkalisha karibu na dirisha kabla ya mtu mwingine yeyote.